Kozi ya Lazima ya Shangazi

Juzi binti yangu alinipigia simu kutoka chuo kikuu, analalamika. Anasomea uhandisi, lakini mwaka wa kwanza wote wanalazimishwa kuchukua kozi za nje ya fani yao: historia, falsafa, fasihi. "Mama, haya mambo yananihusu nini?" Nikacheka mpaka akaudhika. Malalamiko kama hayo niliyasikia kijijini kwetu Idete, miaka ya tisini, kwa shangazi yangu, na tangu juzi najiona nimerudi darasa la nne.

Shangazi alikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kufika chuo kikuu, na alisomea hesabu. Likizo yake ilikuta mpunga umeshaanza kukomaa, sisi tumehamia shambani kwenye dungu, ile nyumba ya miti iliyoinuliwa juu, tukiamia ndege. Ungetuona, rafiki yangu! Kutwa tunagonga madebe na kupiga mayowe mpaka sauti zinakauka. Jioni bibi anakaanga mpunga mbichi, anautwanga, tunatafuna pepeta ingali moto, na kambale anachuruzisha mafuta juu ya makaa.

Mwaka ule shangazi alifika amenuna. Chuo kilikuwa kimeamua kwamba kila mwanafunzi, hata wa hesabu, afaulu kozi moja ya sanaa, na yeye aliangukia sanaa za maonyesho. Alitakiwa aandae mchezo na watu wa kwao, juu ya jambo linalowagusa, kisha aeleze ulivyopokelewa. Akifeli, anarudia mwaka.

"Tulikupeleka ukasome hesabu," babu alimwambia. "Sasa unarudi kutuchezea maigizo?"

"Hata mimi niliwauliza hivyo hivyo, baba. Wakasema ndiyo utaratibu."

Jambo lililotugusa halikuhitaji kutafutwa. Jirani yetu Msukuma alikuwa amehamia na ng'ombe wake, na ng'ombe wale walikuwa wameingia kwenye mpunga wetu zaidi ya mara moja. Yeye na babu waliacha kusalimiana. Walipopishana njiani kila mmoja alitazama upande wake, na sisi watoto tulikatazwa kucheza na watoto wake.

Shangazi akaufanya ugomvi huo kuwa mchezo wake, na mimi nikapewa kuwa ng'ombe. Nilifungwa mkia wa katani, na furaha niliyokuwa nayo sijui niielezeje. Hata usingizi sikuupata vizuri. Watoto wadogo walikuwa mpunga, wamesimama mikono juu wakiyumba. Tulicheza Jumapili baada ya ibada, uwanja wa shule ukajaa. Babu alikaa mbele. Msukuma alisimama nyuma kabisa na wake zake, fimbo mabegani.

Nikaingia, nikaanza kutafuna mpunga. Watu wakacheka. Mara sauti nzito ikatoka nyuma: "Huyo si ng'ombe. Huyo anakula kama mbuzi."

Msukuma akaja mpaka katikati. Aliinama, akanionyesha ng'ombe anavyozungusha ulimi na kuvuta nyasi. Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Kisha akajinyoosha, akasimama kama mchungaji mbele ya mvulana aliyeigiza mkulima. Mvulana alimtazama, akakimbilia kwa mama yake.

Shangazi akabaki hana mkulima. Akageuka huku na huku, akitafuta mwingine. Hapo babu akainuka.

"Mkulima nitakuwa mimi."

Kicheko kikafa. "Ng'ombe wako wamekula chakula cha wajukuu zangu," babu alisema, na hakuwa akiigiza.

"Mzee, mashamba yamenizunguka pande zote," Msukuma akajibu. "Mtoni nipite wapi? Juu?"

Walirushiana maneno mbele yetu sote, yale waliyokuwa wakiyameza miezi mingi. Nilidhani watapigana. Shangazi akanishika bega, akanisogeza kati yao. "Ng'ombe ana kiu," alisema taratibu. "Apite wapi?"

Babu alinitazama. Kisha akachora mstari mchangani kwa kidole cha mguu. "Apite huku, kando ya mfereji."

"Na mimi nitaweka uzio wa miiba upande wangu," alisema Msukuma.

Njia ilifyekwa wiki ileile, wanaume wa pande zote mbili wakishirikiana. Mke mmoja wa Msukuma akatuletea kibuyu cha maziwa mgando, tukayala na wali mpya mpaka tukashindwa kuinuka. Shangazi akafaulu kozi ile vizuri kuliko hesabu zenyewe, na alipokuja kuwa mwalimu, aliwatoa wanafunzi uwanjani wakasimama wao wenyewe kama namba.

Nilipopita Idete mwaka jana, ile njia ilikuwa imelimwa. Babu alishatutoka, Msukuma alihama na mifugo yake, na madungu ni ya kuhesabu. Ugomvi wa mashamba na mifugo bado upo, ila sasa unapelekwa ofisini, kila upande unaingia kwa zamu yake na kutoka kimya. Mashauri huamuliwa, nasikia. Lakini watu wale hawajawahi kuchekeshwa pamoja hata siku moja.