Bwawa la Kukunja

Gari liliingia Buffalo theluji ikianguka, turubai limefungwa juu ya paa kama mgonjwa anayekimbizwa hospitali. Abiria aliyepewa lifti kutoka Columbus, mwandishi ambaye hakuwahi kuuona mji huu, aliuliza hilo bwawa lililozungumzwa njia nzima liko wapi.

“Juu ya kichwa chako,” Pantaleo akamjibu. “Lione vizuri. Leo ndiyo mwisho, nikitoka hapa nalitupa.”

Pantaleo alikulia kambini Tanzania, akipiga watu picha mbele ya shuka. Alipoletwa Louisville akapata kazi ya ghala, na siku moja, kwenye duka la mitumba, akaokota kitabu kikubwa cha picha za zaidi ya miaka sitini iliyopita: nyumba nyeupe za jangwani, paa bapa, kuta za vioo, warembo wamejilaza kando ya bwawa wakiwa na glasi mkononi. Akachagua moja, akawafuta kwa kompyuta wanawake wawili waliokuwamo, akaichapisha kwenye turubai la mita tatu. Alisahau kitu kimoja. Kivuli cha mwanamke mmoja kilibaki sakafuni.

Tangu hapo ni miaka sita, na kila Jumamosi ni harusi au ubarikio, Louisville, Columbus, Buffalo, bwawa lilelile: watu wanasimama mbele yake, kisha wanatuma picha kambini kana kwamba ni nyumbani kwao. Aliwahi kumpiga picha rafiki yake Silvano kiwandani, amevaa mabuti na kofia ya wavu. Picha nzuri kuliko zote alizopata kupiga. “Nimtumie mama hii?” Silvano alimuuliza. “Unataka aanze matanga?”

Mlangoni mwa ukumbi wa kanisa, Florida, mwanamke aliyewahi kumpiga picha mbele ya bwawa hilo, akamvuta pembeni.

“Kaka Panta, usilifungue. Mama yangu amefika wiki iliyopita kutoka kambini. Bado anadhani nilihama ile nyumba.”

Pantaleo nusura amkumbatie. Lakini ndani, Jolie, dada wa bibi harusi, alishalikunjua.

“Bon, viti biko wapi? Batu banangoja!”

Mama Caritas, mama yake Florida, akasimama mbele ya turubai na kitenge chake kipya. Akalitazama kwa muda mrefu. Pantaleo akashusha kamera na kuomba kimoyomoyo: kasirika, mama, ulipasue kabisa.

Mama akakinyooshea kidole kile kivuli cha sakafuni. “Kumbe huyu hapa! Sisi tulisema ni mtumishi wa Florida, anaogopa kamera.”

Watu wakacheka. Florida akajifunika uso. “Mama, nisamehe.”

“Nikusamehe nini? Pale kambini nyumba tisa zina bwawa hili, na kivuli hikihiki. Tulijua zamani. Ila nani amwambie jirani kwamba mwanawe anadanganya, wakati na wake yumo?” Akaketi, akaweka kitenge sawa. “Haya, mwanangu, nipige. Wenzangu wanasubiri yangu.”

“Mama, twende nje kidogo. Kwenye theluji, uso wako…”

“Theluji kajipige wewe.”

Akampiga. Nyuma yake foleni ilifika jikoni.

Jioni Pantaleo alikuwa juu ya paa la gari, akikaza kamba. Mama Caritas akapaza sauti kutoka mlangoni: “Usilichafue! Jirani yangu wa kule naye anakuja mwezi wa tatu!”

“Hukulitupa,” alisema abiria, ambaye alikuwa anabaki Buffalo.

“Shika upande huo,” Pantaleo akasema. “Vuta. Vuta tena.”

Kisha akaingia garini, akaondoka kurudi Columbus. Jumamosi iliyofuata kulikuwa na ubarikio Gahanna, kando ya Columbus.