Aliniuzia Nakshi kwa Picha ya Kanzu Niliyoidarizi Mwenyewe

Admin, nakuomba jina langu ubaki nalo wewe. Wateja wangu wengi wa hapa Nyamirambo wanausoma ukurasa huu, na huyo ninayetaka kumsema anausoma pia.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, nimeolewa, nina mtoto mmoja. Kazi yangu ni kudarizi kanzu na magauni. Zamani nilidarizi kwa mkono, sasa nina mashine inayoongozwa na kompyuta. Kwenye programu unaweza kuchora nakshi yako, au ukanunua vifurushi vya nakshi zilizochorwa na wengine, ukaviingiza, mashine ikashona. Ubaya ni kwamba vifurushi hivyo huwezi kuvijaribu kabla ya kununua. Unaonyeshwa picha, unalipa, basi, na ukishafungua hurudishiwi chochote. Kwa hiyo mimi sinunui ovyo, na nakshi mpya lazima niishone kwanza kwenye kipande cha kitambaa kabla sijagusa nguo ya mtu. Mafundi wenzangu wa kikundi chetu cha Kimisagara hunitania, wananiita Bibi Kipande. Ila wakitaka kununua kifurushi, mimi ndiye wa kwanza kuulizwa.

Nina rafiki, nimwite Zuhura. Tulijifunza cherehani pamoja Rwezamenyo, tukala sahani moja, na siku ya harusi yake mimi ndiye niliyemshika mkono. Mwaka huu ameanza kuuza vifurushi vya nakshi mtandaoni. Akaja dukani kwangu, akanionyesha kwenye simu kifua cha kanzu kilichodariziwa vizuri mno, nyuzi zimelala, hakuna hata mkunjo.

"Sha, hii iko nzuri kabisa. Chukua ya harusi ya Hamisi," akaniambia. Hamisi ni mdogo wangu, alikuwa anakaribia kuoa.

"Umeijaribu?"

"Bambe! Nimeishona kwa mashine yangu mara mingi. Weye, mimi naweza kukuuzia kitu mbaya?"

Jamani, nikaona aibu kwa kuuliza. Nikanunua. Na jambo ambalo silifanyi hata kwa mteja nisiyemjua, nikalifanya kwa kanzu ya mdogo wangu: sikushona kipande. Niliona nikifanya hivyo nitakuwa nimemwita rafiki yangu mwongo.

Alasiri ya kuamkia nikaha nikafunga kanzu kwenye mashine. Kwenye kompyuta nakshi ilipendeza. Kumbe ilichorwa nzito kupita kiasi, sindano ikawa inarudi palepale, inarudi palepale, kitambaa kikajikusanya na uzi ukajifunga chini. Mpaka nazima mashine, kifua kilikuwa kimechanika. Nilikaa chini nikalia. Hamisi aliolea kanzu ya kuazima kwa mjomba, fupi, miguu nje. Yeye alicheka tu. "Iko sawa, dada. Bibi harusi anaangalia mimi, si nguo." Mama hakucheka, na hilo liliniuma zaidi.

Baada ya harusi nikafungua kwenye kompyuta ile picha, iliyokuja pamoja na kifurushi, nikaikuza, nijue mwenzangu alifanyaje hata yake ikatoka vile. Ndipo nikaona, karibu na kishada, uzi wa krimu katikati ya uzi mweupe. Uzi ule niliuweka mimi, baada ya mweupe kuniishia. Ile ilikuwa kanzu niliyomdarizia mumewe kwa mkono, kwa sindano, zawadi yangu kwenye harusi yao. Haikupita kwenye mashine yoyote. Yaani alichukua mapenzi yangu, akayapiga picha, akaja kuniuzia takataka.

Nikamfuata kwake. Hakubisha.

"Mashine niliuza zamani, dada. Niliona haya kukuambia. Hizo nakshi na mimi nilinunua hivyohivyo, sikuweza kujaribu."

"Mashine yangu iko pale siku zote, Zuhura. Ungeshindwa kuniambia, nikushonee kipande kimoja?"

Akaanza kulia. "Nisitiri, rata. Usiseme kwa kikundi. Hii ndiyo inanilisha na watoto."

Nikaondoka. Hasira ninayo, siwafichi, lakini watoto wake wananiita mama mkubwa. Nikasema basi, nitameza, labda ataona haya aache mwenyewe.

Leo asubuhi ameweka tangazo kwenye kikundi chetu cha simu, anauza kifurushi kipya, kikubwa zaidi, picha ni ileile. Mama mmoja mjane, fundi wa kanzu za watoto, ambaye ndiyo kwanza amepata mashine, akauliza kama nakshi hizo zimejaribiwa. Zuhura akamjibu mbele ya watu wote: "Yego, mama, zimejaribiwa. Bibi Kipande mwenyewe ameishona kwenye kanzu ya harusi ya mdogo wake. Muulize."

Mama wa watu ameniuliza. Ujumbe wake ninao hapa, nimeusoma na bado sijajibu: "Mwanangu, ukisema iko nzuri, nanunua leo."

Ndugu zangu, nishaurini kabla hajalipa. Nimjibu nini mama huyu?