Turubai la Jirani

Juzi nilipita mtaa wetu wa zamani huku ughaibuni, Mount Dennis, nikaona turubai la buluu limefunika paa lililobomolewa. Upepo unalipiga, pa, pa. Akili inajua kabisa ni mafundi. Lakini nilisimama bila kupenda, nikajikuta nanong'ona: nani amefariki?

Hayo ni ya bibi. Kwao Morogoro turubai lilianikiwa mpunga, lilifunika magunia ya mkaa, watoto walililalia. Ila likisimamishwa kwa miti mbele ya nyumba, na muziki husikii, basi ni msiba. Huulizi. Unabeba ulichonacho, unakwenda kukaa.

Alikuja kutulea miaka ile ya elfu mbili na kitu, mimi niko darasa la tatu kama sijakosea. Majani yalipoanza kudondoka, jirani wa ng'ambo ya uzio, mzee wa Kijamaika, alifunga turubai uani kwake. Kesho yake chakula kilimshinda bibi.

"Kuna msiba pale, na sisi tunakaanga samaki!"

Baba alicheka. "Mama, huku turubai ni la kuzuia mvua tu."

"Na wakifiwa wanakaa wapi?"

"Ndani kwao."

"Na mlango umefungwa? Sasa mimi nikifa huku, jirani atajuaje?"

Bibi alijifunga khanga, akabeba maandazi na chupa ya chai, akanishika mkono nikamtafsirie.

Mzee alikuwa anapaka viti rangi chini ya turubai. Alishangaa. Hakuna aliyekufa, alisema. Nikatafsiri, lakini bibi alikuwa ameshakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono shavuni. Harufu ya rangi ikachanganyika na ya iliki. Kisha mzee akaweka brashi chini, akasema mkewe alifariki wakati wa baridi iliyopita. Kanisani watu walifika, alisisitiza, tena wengi. Nyumbani ndiko hakuja mtu.

"Mwambie tumechelewa," bibi alisema, "lakini tumefika."

Sina hakika nilimfikishia sawasawa. Kiswahili kilikuwa kinanipiga chenga. Mzee alikula andazi huku machozi yanamtoka.

Baadaye tulihamia ghorofani. Raha zilikuwepo, siwezi kukataa: joto, lifti, maji ya moto muda wote. Bibi alifia huko. Sheria za jengo hazikuruhusu hata kuacha viatu koridoni. Baba alikodi ukumbi mbali, watu wakaja Jumamosi kwa kuwa siku nyingine wako kazini. Pilau ikaliwa, muda wa ukumbi ukaisha, tukafagia.

Wiki iliyofuata, ndani ya lifti, mama wa mlango unaotazamana na wetu alinitabasamia.

"Nisalimie bibi yako. Siku hizi simsikii akikohoa."

Simlaumu. Angejuaje? Kila asubuhi alifungua mlango wake akauona wetu, umefungwa, msafi, kama siku zote.