Njia ya Réjeanne Katikati ya Mirija

Kila vuli, kabla theluji haijashika ardhi, Réjeanne Ouellet huzunguka nyumba kwa nyumba kuomba njia. Huingia kwa mlango wa jikoni, huweka pai ya nyama mezani, hunywa kahawa, huuliza habari za magoti na za wajukuu, na anapoinuka kuondoka ndipo husema, "Na mwaka huu, tutapita?" Mwenye ardhi hujibu, "Piteni." Hakuna anayeandika chochote. Kwa neno hilo moja kina mama wa kundi lake huruhusiwa kukatiza mashamba na misitu ya watu mwezi wa Februari, wakiwa na viatu vipana vya theluji miguuni na sleji za mizigo zikiteleza nyuma yao, hadi Ziwa Écarté. Huko hupiga hema lenye jiko la kuni, wakalala, wakacheka, wakarudi.

Réjeanne ni mpishi wa shule ya kijiji chetu tangu ujana wake. Ni mfupi, mwenye mikono minene na sauti iliyozoea kushinda kelele za watoto. Mkaguzi mmoja aliwahi kusema kwamba supu yake ya njegere imezidi chumvi. Alimaliza bakuli zima akiwa amesimama, huku Réjeanne akimtazama.

Mwaka huu alitaka safari ile kuliko miaka yote. Rafiki yake Huguette, ambaye nyonga yake imechoka, atahamia mjini kwa mwanawe majira ya kuchipua. Hii ingekuwa kambi yake ya mwisho. Kwa hiyo Réjeanne alipofika jikoni kwa Ghislain Bérubé, mwenye shamba lililo kati ya kijiji na ziwa, la miti ya sukari, ambayo utomvu wake hupita kwenye mirija toka mti hadi mti kisha huchemshwa, hakuwa na wasiwasi wowote.

"Mwaka huu hampiti," Ghislain alisema.

"Unasemaje?"

"Umenisikia, dada. Kahawa ipo, pai asante, lakini njia hakuna. Mmoja wenu alikata mrija wangu kwa kisu. Tena ule mkubwa unaokusanya utomvu wa kilima kizima! Pampu ikawa inanyonya upepo. Nilipokuja kugundua, siku nzuri kuliko zote zilikuwa zimepita, na sukari yangu imenywewa na theluji."

Réjeanne aliweka kikombe chini kwa kishindo. "Hiyo ilikuwa Februari! Tangu hapo tumekutana dukani mara ngapi? Umenibebea gunia la viazi mpaka kwenye gari, Ghislain! Na ukanyamaza?"

"Mambo ya njia huzungumzwa hapa, mtu akija kuomba. Ndivyo alivyofanya baba, na wewe unajua. Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe."

"Niseme nini? Wenzangu hawakati vitu vya watu!"

"Basi ni kindi. Kindi wa siku hizi wanatembea na visu."

Réjeanne alisimama, akaichukua pai yake mezani, akatoka nayo. Mlango ulisikika mpaka barabarani.

Jioni hiyo alitandaza ramani juu ya meza yake, Huguette akiwa upande wa pili anamenya viazi. Kwa penseli alijaribu kupita kusini, lakini huko ni barabara ya pikipiki za theluji, na vijana huziendesha kama wamefukuzwa na moto. Kaskazini kuna korongo. Theluji huporomoka pale, na sleji haipandi. Akafuata mto hadi unapoingia ziwani, akakumbuka kwamba maji yanayokwenda kasi huila barafu kwa chini, ukiiona nzima kumbe ni ganda. Aliitupa penseli.

"Mzee yule ana roho ya jiwe! Kutusingizia sisi! Nitamwambia kila mtu kanisani. Nitasimama mlangoni nimwambie mmoja mmoja!"

"Usiseme," Huguette alinong'ona.

"Kwa nini nisiseme?"

"Kwa sababu ni mimi."

Kisu cha viazi kilikuwa kimesimama mkononi mwake.

"Sleji yangu ilikuwa imejaa mpaka juu, lile godoro na mabomba ya jiko," alisema. "Theluji nyingi ilikuwa imetuinua mpaka kwenye mrija, mzigo ukanasa. Nilikuwa wa mwisho. Niliita, upepo ukaimeza sauti, na giza linaingia. Niliogopa, Réjeanne. Nikakata kwa kisu cha mkate. Halafu nikaufunga kwa utepe wa gundi, nikajiambia umepona."

"Na mwaka mzima unakula kwangu, hukusema?"

"Nilijua utakasirika."

"Nimekasirika!" Réjeanne alipiga meza, viazi vikaruka. "Nimemnyang'anya mtu pai yake kwa ajili yako! Nimemfanya mwongo jikoni kwake! Vaa koti."

"Sasa hivi?"

"Vaa koti, nimesema!"

Ghislain aliwafungulia akiwa na leso ya chakula shingoni. Réjeanne aliirudisha pai mezani, akasimama kando. Huguette alieleza yote, akilia kidogo. Ghislain alisikiliza mpaka mwisho, uso ukizidi kuwa mwekundu.

"Kama ungekuja mara mliporudi, ningeufunga kabla ya chakula cha mchana," alisema. "Unaelewa, mama? Sikukasirikia kisu. Nimekasirikia utepe!"

"Nisamehe."

"Pole haikazi mirija. Januari naikagua yote, mti kwa mti. Njooni na viatu vyenu vya theluji, nyote wawili, tukimaliza ndipo mniulize habari za njia."

Walikwenda. Baridi ilikuwa ya kukausha pua. Wanawake hao wawili walipanda na kushuka kile kilima wakivuta mirija iliyolegea, wakiinua iliyoangushiwa matawi. Kazi yote ile Réjeanne hakumwambia rafiki yake zaidi ya "vuta" na "legeza". Huguette alichechemea nyuma yake, na aliyejaribu kuwachekesha ni Ghislain peke yake.

"Nyie mna amani kama mwenye duka na mkaguzi," aliwaambia.

"Kaza mrija wako," Réjeanne alijibu.

Mpaka walipomaliza, nyayo zao zilikuwa zimeishindilia theluji, na baridi ya usiku ikaigandisha ikawa njia ngumu inayopinda katikati ya miti. Pale njia hiyo inapokutana na mrija mkubwa, Ghislain alisimamisha nguzo na kuuinua. Réjeanne aliitazama nguzo ile, kisha akamtazama yeye.

"Na mwaka huu, tutapita?"

"Piteni."

Februari Réjeanne alimweka Huguette mbele ya msafara. "Nataka niione mikono yako," alimwambia, na kisu cha mkate akakifungia kwenye mzigo wake mwenyewe. Walipofika kwenye nguzo, nyonga ya Huguette ilikataa, akasimama akihema. Réjeanne alifungua kamba za sleji ya rafiki yake, akalitoa godoro, akalirundika juu ya mzigo wake.

"Asante, shoga."

"Usinishukuru. Bado nina hasira nawe."

"Zitakwisha lini?"

Réjeanne aliinama chini ya mrija, akaivuta sleji yake iliyojaa.

"Ukishahamia mjini," alisema. "Tembea, hema halijipigi."