Mkonga Ulioelekea Friji

Sopan Lohar alikuwa ameandika majina ya mji mzima wa Sangli isipokuwa lake. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, aliyekaa maisha yake yote kwenye soko la vyombo akichonga majina kwenye sufuria: nani kampa nani, harusi ya nani, mwaka gani. Sopan alipopata kompresa, mashine ya kupulizia mchanga, akahamia kwenye kioo, lakini maneno hayakuongezeka utamu. VUTA. SUKUMA. DAKTARI WA MENO. Kwa miaka thelathini alifunga kitambaa puani, akapuliza mchanga kwenye milango ya maduka, na jioni akarudi na nyusi nyeupe kama mtu aliyetumbukia kwenye gunia la unga. Mke wake, Hirabai, alimkung'uta kwa ufagio kabla ya kumruhusu kuvuka kizingiti.

Mafundi wa pale waliuza kioo cha kuchonga kwa futi, kama kitambaa, naye akauza hivyo hivyo. Uwe umechora bustani nzima au nukta tatu, futi ni futi. Jambo hilo lilimkera. Alikuwa na lake moyoni: siku moja atachonga kitu kisichopimwa kwa futi, na chini yake, kwenye pembe, ataandika Sopan Lohar, Sangli, watu wasome wajue ni mkono wa nani. Hirabai aliposikia hayo alicheka mpaka akashika ukuta.

"Msanii! Haya, msanii, kanunue vitunguu."

Basi bahati ikaja na miguu yake. Mai Gangutai Sabnis, bibi wa miaka themanini na mbili aliyewahi kufundisha nusu ya mji hesabu kwa kuwavuta masikio, alitaka mlango wake wa chumba cha ibada utiwe kioo kabla ya sikukuu ya Ganapati. Na kwenye kioo akae mungu Ganapati mwenyewe, na kichwa chake cha tembo, na tumbo lake, mkonga umepinda kushoto.

Neno kushoto alilisema mara tatu. Kwetu sababu yake haiulizwi. Ganapati ambaye mkonga wake umeelekea kushoto kwake ni mpole, anasamehe, unaweza kuishi naye nyumba moja. Wa mkonga wa kulia ni mkali: ibada isikose hata siku moja, usimkaribie hujaoga, nguo ziwe zimefuliwa leo, na yai lisionekane ndani. Huyo ni wa hekalu lenye makuhani wa zamu, si wa nyumba yenye mtu kama Shrirang, mwana wa Mai, ambaye kabla ya kimanda chake cha asubuhi hasemi na mtu.

"Nimchore mwenyewe, Mai?" Sopan aliuliza. "Nisinakili kwenye simu?"

"Chora. Ila kushoto."

"Na bei nisipime kwa futi?"

"Pima kwa akili yako, kama unayo. Kushoto, Sopan."

Alifanya kazi wiki tatu. Aliamua kuchonga upande wa nyuma, ili uso wa mbele ubaki laini na mungu aonekane ametuna ndani ya kioo kama aliyekaa majini. Alibandika plastiki ya kunata, akakata mistari kwa wembe, akawa anabandua kipande kimoja na kupuliza mchanga, kisha kingine. Tumbo kwanza, maana kinachobanduliwa mapema ndicho kinachochimbika zaidi. Halafu mkonga, masikio, mwisho vidole. Hata Hirabai aliacha kucheka. Alisimama mlangoni na ufagio wake, akamwambia mumewe, "Baba Sulu, huyu anapumua."

Ikabaki pembe ya chini. Sasa, anayechonga kwa nyuma sharti kila kitu akigeuze, kulia kuwe kushoto, ndipo kwa mbele kionekane sawasawa. Sopan alilijua hilo kama anavyolijua jina la mama yake. Kwa wiki nzima alijizoeza kuandika jina lake kinyumenyume kwenye magazeti ya zamani, akilisoma kwenye kioo cha kuchania nywele cha Hirabai, mpaka herufi zikamtii. Akalichonga. Akazunguka mbele, akalisoma: safi kabisa. Akaketi sakafuni kando ya kompresa akalia kidogo, wala hakuona haya.

Kioo kiliingia kwenye fremu siku tatu kabla ya sikukuu, Mai akiwa kwa daktari wa macho. Akarudi mchana na miwani mipya. Alisimama mbele ya mlango muda wa kutosha kwa mkwe wake, Ketaki, kuosha mchele wote wa siku hiyo.

"Shrirang," akaita, "huo mkonga unakwenda wapi?"

Shrirang akaja na gazeti lake. "Kushoto, Mai. Si ulitaka kushoto? Huo unaelekea friji."

"Kushoto kwako! Kwani mungu ni wewe?"

Ndipo nyumba ilipochanganyikiwa. Shrirang aliupa mlango mgongo ili atazame upande mmoja na mungu, akaning'iniza mkono mbele ya pua kama mkonga, akaukunja huku na huku akitafuta friji liko wapi. Ketaki hakumwamini, akasimama kando yake na mkono wake puani. Jirani aliyekuja kuomba kotmiri aliwakuta hivyo, akauliza kuna nini, na punde walikuwa watatu. Hapakuwa na ubishi tena. Friji lilikuwa kulia kwa Ganapati.

Tangu saa ile Mai akatangaza sheria. Mayai sita yalihamishiwa kwa jirani. Ketaki alioga mara nne kabla ya magharibi. Kesho yake Shrirang alikula kimanda juu ya paa amejifunika mwavuli, na siku hiyo hapakuwa na jua wala mvua.

Sopan akaitwa. Masikini alidhani anaitwa kusifiwa, akaja na shati lililopigwa pasi. Mai alimwonyesha mkonga kwa kidole. Sopan akageuka, akaning'iniza mkono puani, akatazama friji, na uso ukamsawijika.

"Nilisahau kumgeuza," alisema.

"Umesahau kumgeuza mungu." Mai akainama na miwani yake mipya mpaka pembe ya chini. "Na hili jina mbona linasomeka vizuri?"

Sopan akakunja pindo la shati lake la pasi.

"Jina lako ulikumbuka kuligeuza."

"Nililifanyia mazoezi, Mai."

"Naona."

Aibu ilimshika Sopan hadi kwenye nyayo. Na dawa yenyewe ilikuwa rahisi mno: kung'oa vibao vya fremu, kukigeuza kioo nyuma mbele, kuvirudisha. Dakika ishirini. Kutoka sebuleni mkonga ungeonekana unakwenda kushoto kwa mungu, na moshi wa ubani ungepiga upande laini unaofutika, jambo ambalo fundi mwenye akili angelifikiria mapema. Tatizo ni jina. Lingegeuka pamoja na kioo, likae kinyumenyume mbele ya wageni wote. Na kioo kikishachimbwa hakijazwi. Unaweza tu kukichimba zaidi.

"Lifanye panya, mjomba," alisema Ketaki kwa wema. "Si Ganapati hupanda panya? Puliza juu yake mpaka awe panya mnono. Nani atajua?"

"Panya," alisema Sopan.

"Mwenye mkia," akaongeza Shrirang, aliyekuwa na haraka ya mayai yake.

Akaomba apewe mpaka kesho. Nyumbani alimweleza Hirabai yote, akingoja kuchekwa, lakini mke wake aliweka ufagio chini.

"Wewe unatakaje?"

"Nataka lisomeke."

"Hilo halimo, Baba Sulu. Kuna panya na kuna kinyume."

"Basi?"

"Kinyume bado ni lako. Panya ni wa Ganapati."

Asubuhi Sopan alikigeuza kioo. Pembeni, pale alipotaka kusomwa na Sangli nzima, palibaki mikwaruzo ambayo hata mwenyewe aliitazama kama barua ya mtu mwingine.

Siku ya sikukuu nyumba ilijaa. Sopan na Hirabai waliketi pembeni na sahani ya modak, vitafunio vya mvuke vyenye nazi na sukari guru ndani. Wageni wakaja, wakaona, wakaenda. Kisha akaja Bwana Vikrant Ogale, mchora ramani za majumba kutoka Pune, na huyo hakwenda. Alisogea, akarudi nyuma, akapiga magoti kwenye pembe ya chini.

"Kazi ya nani hii? Hapa pameandikwa Kiajemi?"

Shrirang hakuwahi kuwa na breki mdomoni. "Kiajemi, ndiyo. Msanii wa Irani. Kumpata si mchezo."

Hirabai akamfinya mumewe paja. Sopan alikuwa na modak nzima mdomoni, lakini si hiyo iliyomzuia. Kusema ni jina lake kungekuwa kukiri mbele za watu kwamba alijikumbuka yeye akamsahau mungu. Akaendelea kutafuna, na roho ikamuuma.

"Nina hoteli ya milango arobaini," alisema Ogale. "Huyo Mwajemi anaitwa nani?"

"Jina lake..." Shrirang akaanza kutoka jasho. "Gumu kutamka."

Sauti ikatoka nyuma ya mlango, ndani ya chumba cha ibada.

"Huku linasomeka!" alisema Mai. "Anayelitaka aingie. Ila huku mkonga ni wa kulia. Asiyeoga haingii."

Ogale akacheka, mpaka Ketaki alipomkabidhi taulo. Alirudi kutoka bafuni na shuka safi ya Shrirang kiunoni, kifua wazi, nywele zikidondosha maji, akaingia akaketi kando ya bibi. Sebule yote ikasogea mlangoni. Kupitia kioo wakaona kidole chake kikifuata herufi.

"So-pan. Lohar. Sangli." Akatua. "Sangli hii?"

"Yuko hapo nje anakula," alisema Mai. "Sopan, meza kwanza. Halafu waambie kwa nini limegeuka."

Sopan akameza. Akawaambia yote, mazoezi ya magazetini, kioo cha mkewe, friji, na alipofika kwenye mkonga ilimbidi asimame na kuning'iniza mkono puani. Walicheka mpaka sahani zikatikisika. Kisha shangazi mmoja akauliza taulo jingine liko wapi, naye anataka kusoma, na mwingine, na mwingine.

"Miaka thelathini nakukung'uta mlangoni," Hirabai alimnong'oneza. "Leo watu wanaoga ndio wakusome."

Foleni ya bafuni ilikuwa imefika kwenye friji, na Sopan alikuwa akilia tena, mbele za watu, na modak ya pili mkononi.