Kofia ya Tawi la Wexler

Verlin Stroup alikuwa fundi wa visima, mrefu na mkavu, mwenye mikono iliyonuka grisi hata siku ya Jumapili, na alikuwa na kigugumizi. Kwake, kuagiza bolti dukani ilikuwa safari. Lakini ukimpa maneno ya kukariri, yenye mwendo wake, yanayopanda na kushuka kama beti, ulimi wake ulifunguka ukatiririka, na aliyemzoea barabarani aligeuka kutazama ni nani huyo anayesema.

Ndiyo maana aliupenda Ufrimasoni, ule udugu wa wanaume wenye siri zao. Huku kwetu magharibi mwa Kansas, kwenye vimji vinavyoishi kwa ngano, Frimasoni ni wakulima, mafundi na wenye maduka wanaokutana ghorofani, juu ya duka la dawa, na kazi yao kubwa ni kumpitisha ndugu mpya katika daraja tatu. Kila daraja ni mchezo kamili, una wahusika wake na hotuba zake ndefu, na hakuna anayeshika kitabu. Yote hutoka kichwani, kwa sababu yalipokewa kinywa kwa sikio. Ya ndani sitayasimulia, niliapa. Nitakalosema ni kwamba katika ukumbi ule mtu mmoja tu huvaa kofia, naye ni Mkuu wa tawi, anayeketi upande wa mashariki. Wengine wote ni vichwa wazi.

Katika tawi la Wexler, Verlin alipanda kiti baada ya kiti kama ilivyo desturi, mpaka akabakiza kimoja. Mwaka uliofuata kofia ilikuwa yake. Mkewe Nadine alikwisha kuinyoosha suti na kuitundika mlangoni. Jioni ya uchaguzi, kabla ya kura, akainuka Wendell Ostrander, muuza matrekta, mtu wa kifua kipana na kicheko kinachovuka barabara. Akasema anamheshimu ndugu Verlin, hotuba zake hazina dosari, ila Mkuu hasemi ya kukariri tu. Mkuu hupokea wageni, huulizwa maswali.

"Tutampaje kofia mtu anayecheua maneno kama ng'ombe?" akasema. "Wageni watasinzia kabla hajamaliza kuwakaribisha."

Watu wakacheka. Kura zilimwendea Wendell, na hilo Verlin angeweza kulimeza. Lililomkaa kooni ni kile kicheko, cha watu aliowachimbia maji ya kunywa. Alisimama ajibu, neno likamkwama. Akabaki nalo mdomoni, midomo ikitetemeka, ukumbi mzima ukimtazama, na hakuna aliyemsaidia. Mwishowe akaketi.

Wiki ile ile alichukua hati yake ya kuhama, akajiunga na tawi letu la Pruitt. Hakutaka cheo chochote. Alitaka kikosi, watu wa kuigiza daraja pamoja naye.

Akaanza kuokota watu. Alimwokota Emmett Quale, kinyozi, ambaye mara ya kwanza kupewa mistari aliisahau yote akashuka ngazi mbio, aproni ya Kimasoni ingali kiunoni, mpaka barabarani. Alimwokota Lowell Dietz, mfuga nguruwe, ambaye matawi mengine yalimkalisha pembeni karibu na dirisha. Aliniokota mimi, niliyekuwa nauza mbegu na kuogopa kusema mbele za watu kuliko nilivyoogopa mvua ya mawe. Wengine walikuwa wa namna hiyo hiyo. Alituambia hakuna malipo, petroli kila mtu na yake, na atakayekuja amekuja kwa hiari.

Tulikutana kila Alhamisi katika banda lake la kutengenezea mitambo ya upepo inayovuta maji visimani. Sufuria ya maharage na nyama ya kusaga, yenye pilipili, ilichemka juu ya jiko la kuni, na Nadine aliacha trei ya maandazi ya mdalasini, kwa maana kwetu chakula hicho hakiliwi bila andazi hilo. Lakini hatukula kabla ya kusema. Verlin alitembea kati yetu na spana mkononi akipiga mapigo kwenye paja, na ukikosea hakukukemea. Alirudia mstari, bila kigugumizi, mpaka ukauvaa kama shati lako.

Sheria ilikuwa moja. Mtu akikwama, aliye karibu naye anampa neno, papo hapo, bila kungoja. "H-hakuna atakayeachwa," alisema, "amesimama peke yake na m-mdomo wazi." Hatukumuuliza sheria hiyo imetoka wapi.

Miaka ikapita, na matawi yakaanza kupukutika. Wazee walizikwa, vijana walihamia mjini Wichita, na tawi baada ya tawi likajikuta halina watu wa kutosha kuendesha daraja. Ndipo simu zikaanza kulia Pruitt. Tulikwenda kote, kwenye theluji na kwenye vumbi, tukawainua, yaani kuwapitisha daraja ya tatu, wana na wakwe wa watu tusiowajua, tukala pai za akina mama wao na kurudi. Tulikwenda kote isipokuwa Wexler. Karani wa Wexler alipiga simu mara nyingi, na Verlin alimjibu neno moja: "A-aje mwenyewe."

Watu husema subira huvuta heri. Subira ya Verlin ilikuwa inavuta kofia.

Na siku moja ya masika Wendell akaja. Tulikuwa bandani. Aliingia polepole, kifua kimenywea, moyo wake ukiwa umeshachoka kwa ugonjwa, mke wake akimngoja garini. Alikuwa amerudishiwa ukuu wa tawi kwa sababu hapakuwa na mwingine. Mwanawe Galen, mtu mzima mwenye nywele za mvi, alikuwa amemaliza daraja mbili za kwanza, na madaktari walikuwa wamemwambia Wendell asipange mambo ya mbali. Alikuwa na ombi moja. Kikosi kije kifanye daraja ya tatu, ila yeye abaki na kofia yake, na yeye ndiye amshike Galen mkono na kumwinua.

Verlin aliifuta spana kwa kitambaa kwa muda mrefu.

"Kikosi kikija," akasema, "m-mwenyeji anavua. Ni desturi."

"Ni mwanangu, Verlin."

"N-najua ni wa nani."

Lowell alijifanya anakoroga sufuria. Wendell alitazama sakafu, akasema sawa. Hapo Verlin akawa mpole ghafla, upole ulionitia baridi. Akasema hawezi kumnyima baba kila kitu. Mwisho wa shughuli kuna yale mawaidha marefu anayopewa ndugu mpya. Hayo Wendell atayasema yeye, baba kwa mwana, mbele ya ukumbi wote. Wendell alimshika mkono kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga, akamshukuru.

Alipoondoka, Lowell akaweka mwiko chini. "Mzee, yule hawezi. Hajayasema mawaidha tangu enzi za babu. Siku zote huwaachia wengine."

"Ndiyo," akasema Verlin.

"Atakwama."

"Ndiyo." Akatutazama mmoja mmoja. "Na akikwama, hakuna wa kumpa n-neno. Neno litatoka kwa mwenye kofia. N-nitalitoa nikitaka."

 Tulikula tukitazama sahani zetu, na andazi la Nadine nililirudisha kwenye trei.

Ukumbi wa Wexler jioni ile ulijaa kama haukuwahi kujaa. Walikuja kutoka kaunti tatu, wengine kwa kumwona Galen, wengine kwa kuwa walikuwapo siku ya kile kicheko na walitaka kuona. Jua lilikuwa bado liko madirishani. Kikosi kiliingia, kila mtu akachukua kiti chake, na Verlin akatembea taratibu hadi mashariki, akasimama mbele ya Wendell.

Wendell akainuka na kuvua kofia. Ilikuwa kofia nyeusi ya duara, pana ya ukingo, ya tawi lenyewe tangu zamani. Nywele zilizobaki kichwani pake zilisimama kama manyoya ya kifaranga. Akaitoa kwa mikono miwili. Verlin hakuipokea mara moja. Aliiacha ielee pale kati yao, kisha akaichukua, akaivaa, akaketi. Nilikuwa karibu, nikamwona akifumba macho kidogo, kama mtu aliyeonja asali.

Daraja ilikwenda bila mshono. Verlin hakusita hata neno moja, na sauti yake ilijaza ukumbi kama maji yanavyojaza tangi. Wakati wa kumwinua Galen alimwinua yeye, kwa mkono wake, na Wendell alitazama kutoka kiti cha pembeni.

Kisha Verlin akatangaza, vizuri kabisa, kwamba kwa heshima ya tawi mawaidha yatatolewa na baba.

Wendell alijikongoja hadi katikati. Akaanza vizuri. Ilionekana alikuwa amekesha nayo, maskini, sijui jioni ngapi. "Ndugu yangu, leo umeinuliwa kutoka mahali ambapo mtu hawezi kujiinua mwenyewe." Akapita sentensi ya pili, akapita ya tatu. Akasema, "Uliingia hapa hujui njia, ukaongozwa." Akanyamaza.

Tukamwona anatafuta. Midomo ikafunguka, ikafungwa. Akamtazama mwanawe, akatazama dari. Mtu mmoja nyuma akakohoa. Verlin, mashariki, chini ya kofia, hakufungua kinywa. Alimtazama tu, akimpa kile alichopewa, kipimo kwa kipimo. Wendell alikuwa amesimama peke yake na mdomo wazi, na Galen, asiyejua lolote, alianza kumwonea baba yake aibu.

"Basi usiwaache nyuma waliopotea," ikasema sauti.

Alikuwa Emmett Quale, kinyozi, yule wa ngazi. Alikuwa amesimama mahali pake, uso mwekundu kama nyanya. Wendell akalishika neno akalisema. Akakwama tena, Lowell akampa linalofuata. Akakwama, nikampa mimi. Tukamvusha hivyo, mkono kwa mkono, kama watu wanavyopitishiana ndoo nyumba ikiungua, mpaka amina. Galen akamkumbatia baba yake. Ukumbi ukapiga makofi.

Verlin alifunga kikao kwa maneno yake yote kamili, akashuka ngazi, akapita mezani kwenye chakula bila kugeuza shingo, akaingia katika gari lake na kwenda zake. Kofia ya Wexler alikuwa nayo kichwani.

Kikao kilichofuata, tuliambiwa, Wendell aliketi mashariki na kepu ya kampuni ya mbegu za mahindi.

Alhamisi tulikwenda bandani hatujui kama tutafunguliwa. Mlango ulikuwa wazi, sufuria inachemka. Kofia ilikuwa imetundikwa kwenye msumari, juu ya misumeno. Verlin alikuwa amesimama na spana yake.

"Mlininyang'anya," akasema.

"Ulitufunza mwenyewe," akasema Lowell. "Hakuna atakayeachwa. Hukusema isipokuwa Wendell."

Verlin alimgeukia Emmett. "Na wewe uliruka sentensi n-nzima. Baada ya 'ukaongozwa' kuna sentensi. Kama unamwokoa mtu, mwokoe kwa m-maneno yaliyo sahihi."

"Sikuisahau, mzee," akasema Emmett. Alikuwa ameshika andazi, anakula bila ruhusa. "Niliiruka makusudi. Ningeisema nikikutazama wewe na kofia ile, ningecheka."

Sisi sote tuliijua sentensi yenyewe. Verlin alinyoosha mgongo kama anavyofanya akitaka kutuonyesha mstari unavyosemwa, akapiga pigo moja kwenye paja.

"Na mkono uliokuinua," akasema, "haku... h-hauku..."

Likakwama. Katika maneno ya kukariri, ambamo hatukuwahi kumsikia akikwama. Akajaribu tena. Mshipa ukasimama shingoni. Haukudai kitu, ndivyo inavyoendelea, haukudai kitu. Wote tulikuwa nalo neno kwenye ncha ya ulimi. Hakuna aliyempa. Emmett aliacha kutafuna. Tulimtazama tu, kuni zikilia jikoni, mpaka akaifunga midomo yake.

Akaenda kwenye msumari, akaitungua kofia, akaiweka magotini pa Emmett.

"Mpelekee," akasema. "M-mwambie inanuka jasho."

Akaketi, akavuta sahani, akaanza kula kabla ya kusema. Sentensi ile hakuimaliza jioni hiyo.