Mchoro wa Mtu Asiyesoma

Asubuhi ile mke wangu alipaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi, kama kawaida yake. Povu likitulia, salama. Likitoa mapovu mapya, toka nje. Hakuwahi kuinjika chai bila kupaka lile povu, na mimi jiko hakuniachia niliguse.

Akafuta mikono, akanionyesha karatasi.

"Unaona nini?"

"Kitunguu."

"Tazama vizuri, mzee."

"Natazama. Kitunguu, kimepigwa mstari mwekundu. Kwani vitunguu vimepigwa marufuku?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kumbe ulikuwa moto. Akaikunja karatasi, akaitia mkobani, akaniambia neno mlangoni, akaenda chuoni. Ndiyo mara ya mwisho kumwona akitembea.

Haya nayasema mimi, binti yetu anaandika. Mimi sikusoma. Nilipakia mbao kwenye malori mpaka mgongo ukagoma, na mbao haikuulizi kama unajua kusoma.

Mke wangu alikuwa mpishi wa shule. Jiko la shule lilipofungwa, akajiandikisha chuo cha ufundi, fani ya gesi, na umri wa kuitwa bibi anao. Vijana wakambatiza Bibi Gesi. Alijifunza kukata mabomba, kuyaunga, kupima presha. Akirudi nyumbani ananifundisha mimi, nataka sitaki.

"Gesi yenyewe haina harufu," aliniambia. "Ile harufu wameitia makusudi, ikutukane kabla haijakuua. Lakini pua usiiamini sana. Ukikaa nayo, pua inazoea."

Karibu na kumaliza, wanafunzi walipelekwa kurekebisha mabomba ya gesi ya jengo moja mtaani kwetu. Yeye akapewa kazi ya kubandika tangazo kwenye ngazi. Herufi kubwa, nyekundu, kwamba mtu asiwashe moto. Alilibandika mwenyewe, akalikandamiza pembe zote kwa kiganja.

Juu ya ngazi ile alikaa rafiki yake, mshonaji. Mshonaji naye ni kama mimi, hakusoma. Aliliona tangazo, akadhani maji yatakatwa. Basi akawahi kupika kabla ya kukatwa. Akawasha kiberiti.

Hakufa. Vidole vilishikana, sindano hashiki tena. Tulipokwenda kumwona hospitali, hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Ungenigongea mlango, dada."

Cheti cha gesi kilipotoka mke wangu hakukitundika, kimo chini ya godoro. Akarudi chuo kilekile, fani nyingine, ile ya kuchora matangazo kwa kompyuta. Vijana wakamuuliza, "Bibi Gesi, umechoka mabomba?" Akawajibu, "Mabomba hayana shida. Shida ni karatasi."

Alitaka tangazo moja tu. Tangazo la gesi ambalo asiyejua hata herufi a atalitazama na kuelewa: usiwashe, fungua dirisha, toka nje. Basi.

Na mtu wa kulipima alikuwa naye ndani ya nyumba. Kila akichora, ananiletea. Mkono wenye kiberiti niliuita mtu anayeomba sigara. Dirisha nililiita kitabu. Watu wanaotoka nje nikasema wanakwenda harusini. Alikuwa anakasirika, halafu anacheka, halafu anachora upya. Sikuwa namtania. Nilisema nilichokiona.

Mimi nilikuwa nataka kujifunza kusoma. Aliniahidi toka alipoanza chuo. Baada ya mshonaji kuungua, akanigeuka.

"Ngoja kwanza. Ukijua kusoma nani atanipimia? Hao wengine wote wanasoma, watanidanganya kwa heshima. Nikimaliza hili nitakufundisha mwenyewe, mpaka uchoke."

Nikangoja.

Siku ile ya kitunguu aliangukia meza ya kompyuta, darasani, anachora. Moyo. Mwalimu wake alimpigia binti yetu, binti akanifuata. Tulipofika hospitali walikuwa wameshamfunika.

Muhula ulipoisha chuo kikatuita. Mwalimu alitupeleka kwenye mlango wa karakana ya gesi, akasimama kando kama mtu anayefungua pazia. "Mzee, hii ndiyo kazi aliyokuwa nayo siku ile. Tumeiheshimu, tumeibandika."

Nikatazama. Ilikuwa karatasi iliyojaa maneno. Pembeni chini, kitu kidogo, ukubwa wa kucha.

"Hiki ni nini?"

"Ndio mchoro wake. Tuliupunguza kidogo, maelezo yapate nafasi. Bila maelezo watu hawangeelewa."

Nikasogea mpaka pua ikagusa karatasi. Rangi nyekundu niliiona. Zaidi ya hapo, macho haya hayana tena nguvu. Binti akauliza kama mchoro mkubwa upo. Mwalimu alisema kompyuta hufutwa muhula ukiisha, kwa ajili ya wanafunzi wapya. Hakusema kwa ubaya. Alinisindikiza mpaka getini.

Kwa hiyo sijui. Labda siku ile aliupata moto wake. Labda kilikuwa bado kitunguu. Aliyetakiwa kusema ni mimi, na sikuonyeshwa.

Mshonaji alikuja kunipa pole. Aliuliza, "Lile tangazo alilimaliza?" Nikamwambia sijui. Akakaa, mikono yake kwenye mapaja.

Gesi siwashi. Nakula vya baridi au anavyoleta binti. Nguo za mke wangu zimo kabatini, mwanzoni nilikuwa nafungua nanusa. Sasa nafungua sisikii kitu. Pua imezoea.

Binti anasema, baba, nikufundishe kusoma, utapata cha kufanya. Amenunua na daftari. Namwambia hapana. Anadhani ni uzee. Wala si uzee. Mama yake pale mlangoni, mkoba begani, aligeuka akaninyooshea kidole, akasema:

"Nakwenda kukurekebishia kitunguu chako. Na wewe usiguse hata herufi moja mpaka nirudi."